Batli Isinyamazishwe: Majaribio ya Programu na Hatima ya Chasu katika Kompyuta

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mambo ambayo wanaisimu wa Kiswahili na wa lugha nyingine za Kibantu wamezoea kuwaachia mafundi ni namna programu za kompyuta zinavyojaribiwa kabla ya kufika mikononi mwa watumiaji. Aghalabu hudhaniwa kuwa hilo ni suala la ufundi mtupu, lisilomhusu mtu ambaye kazi yake ni fonolojia, mofolojia au leksikografia. Dhana hiyo ina kasoro. Programu nyingi za leo hubeba ndani yake data za lugha: majina ya siku na miezi, majina ya nchi, namna ya kuandika tarehe, maneno ya menyu na ya maonyo. Data hizo nazo hujaribiwa, na namna zinavyojaribiwa huamua kama makosa yaliyomo yataonekana au yatafichwa.

Makala haya yanajadili kipengele kimoja cha majaribio hayo, yaani iwapo batli ya programu ionyeshwe kwenye konsoli wakati majaribio ya kujiendesha yanapofanyika, au inyamazishwe. Kwa watunga programu hilo ni swali la mazoea, na jibu lililozoeleka ni kunyamazisha. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jibu hilo, ingawa lina mashiko katika mambo mengi, halifai linapohusu data za lugha, hususan lugha zenye maandishi machache. Mfano utakaotumika ni Chasu, lugha ya Vaasu wa milima ya Upare, katika wilaya za Same na Mwanga, mkoani Kilimanjaro.

2.0 Istilahi: Jaribio, Konsoli na Batli

Jaribio la kujiendesha ni programu ndogo inayoipa programu kubwa kazi moja, kisha ikalinganisha jibu lililopatikana na jibu lililotarajiwa. Majibu mawili yakilingana, jaribio limefaulu, yasipolingana, limeshindwa. Utaratibu huu ulipata nguvu kubwa baada ya Kent Beck na Erich Gamma kutunga JUnit mwaka 1997 kwa ajili ya lugha ya Java, na leo hakuna lugha ya programu inayotumika sana isiyokuwa na chombo cha aina hiyo. Programu moja yaweza kuwa na maelfu ya majaribio, na yote yakatekelezwa upya kila mara msimbo unapobadilishwa.

Konsoli ni dirisha la maandishi ambamo mtunga programu huandika amri na kusoma majibu. Hapo ndipo matokeo ya majaribio hutokea: mara nyingi ni safu ya vitone, kila kitone kikiwa ni jaribio lililofaulu, na mwisho jumla.

Istilahi ya tatu inahitaji maelezo zaidi. Programu inapofanya kazi huandika taarifa za hatua zake: imefungua faili gani, imepokea nini, imekosa nini, imeamua nini. Jina la Kiingereza la taarifa hizo lilitokana na gogo. Mabaharia wa Ulaya walikuwa wakitupa nyuma ya merikebu kipande cha gogo kilichofungwa kamba yenye mafundo ili kupima mwendo. Vipimo vikaandikwa daftarini, na daftari likarithi jina la gogo. Waswahili nao, wakiwa mabaharia wa karne nyingi, walikuwa na neno lao kwa daftari la safari ya chombo: batli. Neno hili limo katika kamusi, ingawa wasemaji wengi wa bara hawalijui.

Wapo wanaotumia neno kumbukumbu kwa maana hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba kumbukumbu katika taaluma ya kompyuta limekwisha kubeba maana ya hifadhi ya muda ya mashine, na katika ofisi lina maana ya mihutasari ya vikao. Neno moja lisitwishwe mizigo mitatu ilhali jingine limekaa bure. Aidha, batli lina faida ya kisemantiki: ni maandishi yanayofuata mpangilio wa wakati, yanayoandikwa safari ikiwa inaendelea, na yanayosomwa hasa chombo kinapopata ajali. Sifa hizo tatu ndizo sifa za batli ya programu. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia batli.

Batli huandikwa kwa ngazi. Katika maktaba ya batli ya lugha ya Python, iliyoingizwa katika toleo la 2.3 mwaka 2003, ngazi za kawaida ni tano: maelezo ya ndani kwa ajili ya kutafuta kasoro, taarifa ya kawaida, onyo, kosa, na hatari kubwa. Mtumiaji asipobadilisha chochote, ngazi mbili za chini hazionyeshwi kabisa. Kinachoonekana huanzia kwenye onyo. Maana yake ni kwamba uamuzi wa nini kionekane umekwisha kufanywa kabla mtunga programu hajaufikiria.

3.0 Kimya kama Kanuni

Desturi ya kunyamaza ni ya zamani. Katika mifumo ya Unix, programu isiyokuwa na jambo la kushangaza la kusema hutakiwa isiseme kitu. Vyombo vya majaribio vimeirithi desturi hiyo. Chombo cha pytest, kinachotumiwa sana na watunga programu wa Python, hukamata kila kinachoandikwa na jaribio, pamoja na batli, na kukitoa tu pale jaribio linaposhindwa. Anayetaka kuona batli moja kwa moja kwenye konsoli hana budi kuagiza hivyo. Katika lugha ya Go, vivyo hivyo, maandishi ya jaribio lililofaulu hayaonekani mpaka itolewe amri ya kuyaonyesha.

Utaratibu huu waweza kufafanuliwa kwa kitu kinachojulikana vizuri Upare: ndiva. Ndiva ni bwawa dogo ambalo hujazwa maji ya kijito usiku, wakati hakuna anayemwagilia, na kufunguliwa asubuhi ili maji yaelekezwe mashambani kwa zamu. Maji ya usiku kucha yangeachwa yatiririke, yangepotea bila faida. Chombo cha majaribio nacho hukusanya batli na kuifungulia pale tu inapohitajika. Hadi hapo hakuna la kulaumu. Lawama huanza pale inapoulizwa: ni nani aliyepanga zamu, na ni shamba lipi ambalo halimo katika orodha? Kanuni ya pytest na ya Go inafungua bwawa kwa jaribio lililoshindwa peke yake. Jaribio lililofaulu halina zamu kamwe. Batli yake humwagwa bila kusomwa. Kanuni hiyo inachukulia kuwa kufaulu ni kitu kimoja na kuwa sahihi. Katika data za lugha, mambo hayo mawili ni mbalimbali.

4.0 Chasu Ndani ya Mashine

Si watu wengi wa Same wanaojua kuwa lugha yao imo ndani ya simu na kompyuta nyingi duniani. Hazina ya data za lugha inayotunzwa na shirika la Unicode, maarufu kwa kifupi cha CLDR, ina faili la Chasu kwa zaidi ya miaka kumi sasa, chini ya alama asa, pamoja na lugha nyingine kadhaa za Tanzania kama Kishambaa, Kibena, Kimachame na Kilangi. Tangu toleo la 9 la Java lililotoka mwaka 2017, hazina hiyo ndiyo chanzo cha kwanza cha data za lugha katika Java. Kwa hiyo programu iliyotungwa mbali kabisa na Upare, na mtu asiyewahi kusikia jina la Same, inaweza kuandika tarehe kwa Chasu ikiombwa.

Yaliyomo katika faili hilo ni machache lakini yanavutia kiisimu. Tanzania imeandikwa Tadhania. Kipindi cha kabla ya kuzaliwa Kristo kimeandikwa Kabla yakwe Yethu. Katika maumbo hayo, penye s na z ya Kiswahili pana th na dh, jambo linaloafikiana na matamshi ya Chasu na kuonyesha kuwa aliyejaza data alikuwa na sikio la lugha hiyo. Sehemu mbili za siku zimepewa majina icheheavo na ichamthi, ambayo hayakuazimwa kutoka Kiswahili. Kwa upande mwingine, majina ya siku za juma na ya miezi ni yale yale ya Kiswahili: Jumapili, Jumatatu, Januari, Februari na kadhalika. Na jina la lugha yenyewe limeandikwa Kipare.

Jambo hili la mwisho linastahili kutazamwa. Wasemaji huiita lugha yao Chasu, jina linalotokana na kiambishi ngeli ki- kinachokutana na shina linaloanza kwa irabu, kama vile Kiswahili kinavyopata chake na changu. Ernst Kotz alipochapisha sarufi yake mwaka 1909 aliiita sarufi ya Chasu. Abel Mreta alitumia jina hilo hilo katika uchambuzi wake wa njeo na hali uliotoka mwaka 1998, na tena katika kisimbo cha Chasu, Kiingereza na Kiswahili kilichochapishwa mwaka 2008 chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania. Kipare ni jina la Kiswahili, lenye kiambishi cha Kiswahili. Katika faili ambalo kazi yake ni kusema namna lugha inavyojitaja yenyewe, jina lililomo ni lile ambalo majirani huitaja.

Huenda uamuzi huo una sababu. Huenda aliyejaza aliona kwamba Kipare ndilo jina linalotambuliwa na wengi. Huenda pia wasemaji wa leo, ambao wengi wao hutumia Kiswahili sokoni, shuleni na ofisini, hawana pingamizi. Hilo ni la kujadiliwa na wenye lugha. Linalohusu makala haya ni kwamba hakuna jaribio la kujiendesha linaloweza kuibua mjadala huo. Jaribio litauliza: je, jina la lugha lipo? Lipo. Je, limeandikwa kwa herufi zinazoruhusiwa? Ndiyo. Kitone kimoja huandikwa kwenye konsoli, na kazi huendelea.

5.0 Namna Kimya Kinavyoficha

Kuna njia tatu ambazo majaribio yaliyofaulu huficha kasoro za lugha.

Njia ya kwanza ni urithi wa kimyakimya. Programu ikikosa neno katika lugha iliyoombwa, haikomi. Hupanda ngazi na kuchukua neno la lugha mama ya mfumo. Katika gettext, mfumo wa tafsiri unaotumika sana katika programu huria, tafsiri ikikosekana hurejeshwa maneno ya asili, ambayo kwa kawaida ni ya Kiingereza. Na ichukuliwe mfano wa programu ya simu inayotungwa kwa ajili ya kamati za maji za vijiji vya Same, yenye ujumbe mia mbili, na kati ya hizo mia moja na ishirini tu ndizo zilizofasiriwa kwa Chasu. Jaribio linalouliza kama kila ujumbe una maneno litafaulu mara mia mbili. Mara themanini kati ya hizo limefaulu kwa maneno ya lugha nyingine. Programu yenyewe yaweza kuwa imeandika katika batli kila mara ilipokosa neno. Lakini kwa kuwa majaribio yamefaulu, batli hiyo haikufika kwenye konsoli.

Njia ya pili ni jibu linalojithibitisha. Siku hizi ni kawaida jibu linalotarajiwa lisiandikwe na mtu, bali lichukuliwe kutoka kwa programu yenyewe ilipoendeshwa mara ya kwanza, kisha lihifadhiwe kama kipimo cha siku zijazo. Tuseme neno Tadhania limeandikwa Tandhania katika ukurasa mmoja wa programu kwa kupitiwa. Kipimo kitahifadhi umbo hilo. Tangu siku hiyo atakayelisahihisha ndiye atakayeambiwa kuwa amevunja programu, maana jaribio litashindwa kwa sababu ya usahihi. Kosa limegeuzwa kuwa sanifu, na usanifishaji wa aina hiyo haukupitia baraza lolote.

Njia ya tatu ni mwandiko. Chasu kina bahati kwamba tahajia yake ya kawaida hutumia herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada. Lugha nyingine hazina bahati hiyo. Kilangi cha Kondoa hujiandika Kɨlaangi, kwa herufi yenye mkato katikati. Konsoli isiyotumia usimbaji wa Unicode haina herufi hiyo, na aghalabu huweka alama ya kuuliza mahali pake. Hapa kuna hatari mbili zinazopingana: data iliyo sahihi yaweza kuonekana mbovu kwenye konsoli, na data iliyoharibika kwa kweli yaweza kudhaniwa kuwa ni udhaifu wa konsoli tu. Asiyeitazama konsoli kamwe hataweza kuzitenganisha.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika hali hizi tatu mshindo huo hausikiki kwenye chumba cha watunga programu. Husikika baadaye, kwa mtumiaji anayefungua programu ya lugha yake na kukuta nusu ya maneno si yake, kisha akaifunga na kurudi kwenye Kiingereza au Kiswahili. Takwimu za matumizi zikikusanywa, itaandikwa kuwa lugha hiyo haina watumiaji. Hapo ndipo ilipo hasara ya kweli: lugha huhukumiwa kwa kutotumiwa, ilhali kilichokataliwa ni kazi mbovu iliyopewa jina lake.

6.0 Hoja za Upande wa Pili

Wanaotetea kimya wana hoja nne, na hakuna hata moja ya kupuuzwa.

Ya kwanza ni wingi. Majaribio elfu tano, kila moja likiandika mistari ishirini, ni mistari laki moja. Hakuna binadamu anayesoma mistari laki moja kila anapobadilisha msimbo, na mstari mmoja wenye kosa huzama humo. Debe tupu haliachi kuvuma, na mvumo wake huzuia kusikia kitu kingine. Ya pili ni mchanganyiko: majaribio siku hizi huendeshwa sambamba, na batli zake zikitolewa papo hapo mistari ya jaribio moja huingiliana na ya jingine hata isijulikane nani kasema nini. Ya tatu ni siri. Batli yaweza kubeba majina ya wagonjwa, namba za simu au nywila, na konsoli za mifumo ya majaribio huhifadhiwa na kusomwa na watu wengi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtunga programu anayeanika batli ovyo aweza kujikuta ameivunja. Ya nne ni kwamba jaribio zuri linapaswa kujitosheleza: jambo likiwa ni muhimu, liandikiwe sharti la kulipima, badala ya kumwachia mtu alisome.

Hoja tatu za kwanza zinakubalika, lakini zinapinga mafuriko tu. Ndiva haifunguliwi yote kwa mara moja, wala haiachwi ikauke. Hoja ya nne ndiyo nzito zaidi, na inahitaji jibu la kiisimu. Sharti la kupima huweza kuandikwa pale tu kanuni inapojulikana na kukubaliwa. Katika Kiingereza au Kifaransa, na kwa kiasi kikubwa katika Kiswahili, kuna kamusi, tahajia sanifu na vyombo vya kuamua. Mtunga programu anaweza kuchukua kanuni hizo na kuzigeuza masharti. Katika Chasu kanuni nyingi zimo vinywani mwa wasemaji, na zinatofautiana kati ya kusini na kaskazini ya milima. Hakuna anayeweza kuandika leo sharti linalosema kwamba jina hili la mwezi ni sahihi na lile si sahihi. Kwa lugha ya namna hiyo kipimo pekee kilichopo ni msemaji mwenyewe, na msemaji hawezi kupima asichoonyeshwa.

Same yenyewe ina historia ya jambo hili. Katika upinzani wa mbiru wa mwaka 1944 hadi 1947, ambao Isaria Kimambo aliuandikia kwa kina, maelfu ya wakulima wa Upare walikusanyika Same kupinga kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Ugomvi haukuwa juu ya fedha peke yake. Ulikuwa pia juu ya namna ya kukadiria. Data ya lugha si kodi, na mtunga programu si mtawala wa kikoloni. Hata hivyo, kanuni moja inabaki: anayeletewa jumla bila kuonyeshwa hesabu hana njia ya kukubali wala kukataa kwa haki.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, makala haya yanapendekeza mambo matano.

Kwanza, batli ya kawaida iendelee kukamatwa na kutolewa jaribio linaposhindwa, ikiwa imepangwa chini ya jina la jaribio husika. Hapo desturi iliyopo ni nzuri na haina haja ya kubadilishwa.

Pili, kila tukio la urithi wa lugha lipewe ngazi ya onyo, na onyo hilo lionyeshwe kwenye konsoli hata jaribio likifaulu. Ili kuepuka wingi, matukio hayo yajumlishwe mwishoni: lugha gani, ujumbe upi umekosekana, na neno la lugha gani limetumika badala yake. Mistari themanini yenye mpangilio inasomeka. Laki moja haisomeki.

Tatu, mazingira ya jaribio yaandikwe wazi. Mradi wa Lucene, unaotunga programu ya kutafuta matini, umeweka mfano wa kuigwa. Majaribio yake huchagua kwa bahati nasibu lugha, majira ya saa na namba ya kuanzia kila yanapoendeshwa. Na jaribio likishindwa, konsoli huandika ni lugha ipi na majira yapi yaliyotumika, pamoja na amri ya kulirudia katika hali ile ile. Kwa utaratibu huo makosa yaliyojificha kwa miaka hujitokeza, kama lile la Kituruki, ambacho herufi ndogo ya I haina nukta, hivyo neno lililogeuzwa kuwa herufi ndogo likawa si lile lililotarajiwa. Kwa kuwa lugha huchaguliwa kutoka katika orodha ya Java, alama asa nayo imo katika kapu la bahati nasibu. Chasu kinaweza kushiriki katika kuipima programu ya kimataifa, lakini mtu ataligundua hilo pale tu batli itakaposemeshwa.

Nne, konsoli za majaribio zitumie usimbaji wa UTF-8, na jaribio la kwanza kabisa liwe la kuandika herufi zote za lugha inayohusika, ili anayesoma ajue kama konsoli yenyewe ni shahidi wa kuaminika.

Tano, na hili linahusu idara za Kiswahili na isimu moja kwa moja, itolewe kutokana na batli orodha safi ya maneno yote yaliyoonyeshwa kwa lugha husika, isiyo na taarifa binafsi wala msimbo, na orodha hiyo isomwe na wasemaji. Kazi ya namna hiyo inamfaa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Anayekwenda Mbaga, Suji au Gonja kukusanya data za toni au za njeo anaweza kubeba pia kurasa mbili za maneno ya programu na kuwauliza wazee na vijana: je, mnasema hivi? Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa Kiswahili kinaweza kubeba istilahi za programu nzima ya ofisi. Lugha za jamii hazihitaji kuanza na mzigo mkubwa kiasi hicho. Zinahitaji kwanza yale machache ambayo tayari yamo ndani ya mashine yakaguliwe.

Yapo pia masuala ya istilahi. Ngazi za batli, aina za majaribio na vipengele vya konsoli havina majina yaliyokubaliwa na wote, na kila mwalimu hubuni yake, kama ilivyokuwa wakati wa mvutano wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Uzoefu wa mvutano huo unafundisha kuwa istilahi hushinda kwa kutumiwa kuliko kwa kutangazwa. Neno batli litapata uhai likianza kuandikwa katika mihadhara na katika programu zenyewe.

8.0 Hitimisho

Swali la kuonyesha au kunyamazisha batli limejadiliwa kwa muda mrefu na watunga programu kwa kigezo cha urahisi wa kusoma konsoli. Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuna kigezo cha pili, nacho ni nani mwenye uwezo wa kutambua kosa. Pale ambapo mashine inaweza kulitambua, mashine inyamaze inapofaulu. Pale ambapo ni msemaji tu anayeweza kulitambua, kufaulu kwa mashine hakuthibitishi kitu, na kunyamaza kwake ni kumnyima msemaji nafasi ya kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na lugha inayowekwa katika kompyuta ikiwa na kasoro zilizofichwa haitetewi na vitone vya kufaulu.

Faili la Chasu limo katika mashine, likiwa na Tadhania yake, icheheavo yake na jina la Kipare juu yake. Wanaisimu wa Tanzania wana ujuzi wa kulikagua, na wasemaji wa Same na Mwanga wana haki ya kuulizwa. Kinachohitajika kwa watunga programu ni kidogo: waifungue batli pale inapogusa lugha, na waitoe kwa maandishi yanayosomeka. Kinachohitajika kwa idara za lugha ni kuipokea na kuisoma.